Barua za mkono za wachoraji: soma kwanza, toa pesa baadaye

Barua nyingi za wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 zinazopita kwenye minada ya Paris hazina tarehe kamili. Juu ya ukurasa kuna neno moja, "jeudi", yaani Alhamisi, halafu mistari sita au saba kuhusu fremu iliyochelewa, turubai inayotakiwa kurudishwa au mwaliko wa chakula cha jioni, kisha sahihi. Watayarishaji wa katalogi huweka herufi nne, s.l.n.d., ufupisho wa Kifaransa wa kusema kwamba mahali na tarehe havikuandikwa, na makadirio ya bei yanashuka. Nafasi ya mkusanyaji asiye na mamilioni iko hapo. Ukiweza kuonyesha kwamba Alhamisi ile ilikuwa ya mwezi fulani wa mwaka fulani, na kwamba turubai inayotajwa ni ile inayoning'inia leo katika jumba fulani la makumbusho, karatasi ile inaingia kwenye historia ya sanaa, na thamani yake inapanda.

Ushauri wote ulio hapa chini unaegemea jambo hilo: barua husomwa neno kwa neno kabla pesa haijatoka mfukoni. Anayefuata sahihi peke yake hukosa utamu wa kazi hii, na mara nyingi ndiye anayeuziwa bandia.

Nani anapatikana

Vermeer hakuacha hata barua moja inayojulikana. Za Rembrandt zimebaki saba tu, zote alimwandikia Constantijn Huygens, katibu wa mtawala wa Uholanzi Frederik Hendrik, kati ya 1636 na 1639 kuhusu picha za mateso ya Kristo alizoagizwa na mtawala huyo. Za Van Gogh alizoandika mwenyewe zimebaki takriban 820, nyingi kwa mdogo wake Theo, na sehemu kubwa imo katika Jumba la Makumbusho la Van Gogh huko Amsterdam. Chache zilizo nje zikitokea sokoni, wanaoshindana ni makumbusho na matajiri. Juni 2020 barua ambayo Van Gogh na mchoraji mwenzake Gauguin waliiandika kwa pamoja wakiwa Arles, kusini mwa Ufaransa, mwanzoni mwa Novemba 1888, kwenda kwa rafiki yao Émile Bernard, ilinunuliwa na jumba hilo la Amsterdam kwa euro 210,600.

Barua hiyo ilitoka katika hazina ya Aristophil, kampuni ya Ufaransa iliyowauzia maelfu ya watu hisa katika hati za kale kana kwamba ni akiba ya benki, kisha ikafilisiwa mwaka 2015. Kuanzia Desemba 2017 hazina yake ilipigwa mnada Paris kwa mafungu. Wengi walionunua hisa zile hawakuwahi kuzisoma hati zenyewe. Nalisema hili mapema kwa anayekuja kwenye barua akitafuta faida ya haraka: soko hili ni dogo, bei zake hupanda na kushuka, na karatasi haizai riba.

Wanaopatikana ni wengi, na wana mengi ya kusema. Léon Bonnat, aliyemfundisha Toulouse-Lautrec, Carolus-Duran, Puvis de Chavannes, Rosa Bonheur na Fantin-Latour walikuwa watu maarufu wakati wao, waliandika kila siku, na vijibarua vyao bado vinauzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa mshahara anaweza kujipanga nayo. Juu yao wako Monet, Pissarro, Renoir na Degas. Barua zao ni ghali zaidi, lakini kwa kuwa waliandika sana, vijibarua vya kawaida huonekana mnadani mara kwa mara. Upande wa London yuko Whistler, ambaye alipenda kutia sahihi kwa umbo la kipepeo. Chuo Kikuu cha Glasgow kimeweka mtandaoni nyaraka zaidi ya 10,000 za mawasiliano yake, bure, na kwa mwanafunzi wa mwandiko hakuna shule nzuri kuliko hiyo.

Ninapendekeza uchague mzunguko mmoja wa watu badala ya orodha ya majina makubwa. Mchoraji, mfanyabiashara wake wa picha, mhakiki aliyemtetea gazetini na fundi wa fremu zake waliandikiana kuhusu mambo yaleyale. Barua ya mmoja inaitia tarehe barua ya mwingine. Ukiwa na barua kumi za watu waliokuwa wakimzunguka Paul Durand-Ruel, aliyeuza picha za wachoraji wa kundi la Monet, una kitu kinachosomeka. Ukiwa na barua kumi za wachoraji kumi wasiojuana, una majina kumi.

(Barua za wachoraji wa kwetu, kizazi cha Sam Ntiro aliyesoma Makerere na baadaye London, hazina soko la minada kama hili. Anayezikuta kwenye kabati la familia azitunze kwa njia hizihizi, na asikubali kutenganisha barua na bahasha yake.)

Kusoma katalogi

Ufupisho unaobeba bei ni huu. L.A.S. ni barua iliyoandikwa yote kwa mkono wa mwenyewe na kutiwa sahihi. L.A. ni ya mkono wake lakini haina sahihi. L.S. ina sahihi yake tu; maneno yaliandikwa na mwingine. Tofauti hii ni kubwa kwa Renoir, aliyesumbuliwa na baridi yabisi kwa miaka mingi hadi kufa kwake 1919, vidole vikajikunja. Barua za miaka yake ya mwisho mara nyingi ziliandikwa na watu wa nyumbani, naye akatia sahihi iliyotetemeka. Hazina ubaya wowote, ila zisiuzwe kwa bei ya L.A.S.

Vipimo navyo vina lugha yake: in-8 ni ukurasa wa takriban sentimita 20 kwa 13, in-4 ni takriban 27 kwa 21. "4 pp. in-8" humaanisha karatasi moja iliyokunjwa katikati na kuandikwa pande zote nne. Rousseurs ni madoa ya rangi ya kahawia. Onglet ni ukanda wa karatasi uliogundishwa pembeni barua ilipokuwa ndani ya albamu, na si kasoro kubwa. Kasoro kubwa ni selotepu. Gundi yake huingia ndani ya karatasi, hugeuka njano kisha kahawia, na kuitoa ni kazi ya fundi wa hati mwenye viyeyusho maalumu.

Omba picha za kurasa zote, hata zilizo tupu, bahasha mbele na nyuma, na picha moja ambayo karatasi imeshikwa mbele ya mwanga. Muuzaji mzuri hutuma siku hiyohiyo. Anayetuma picha ya sahihi pekee mwache.

Bei hupandishwa na kazi iliyotajwa kwa jina, mtu aliyeandikiwa, mchoro ndani ya barua, na bahasha iliyobaki. Barua zenye michoro ni ulimwengu mwingine kabisa. Manet, akiwa Bellevue nje ya Paris kiangazi cha 1880 kwa matibabu, alipamba barua zake kwa rangi za maji: maua, matunda, sura za wanawake. Zile huuzwa kama michoro. Kwa sababu hiyohiyo, walaghai huchukua barua halali isiyo na mvuto na kuongeza kijichoro. Angalia mistari ya maandishi: mchoraji anayechora katikati ya barua huacha nafasi, au maneno yake huuzunguka mchoro. Mchoro uliobanwa kwenye pembe tupu, kwa wino wenye rangi tofauti kidogo na wa maneno, au uliopita juu ya mkunjo na wino ukasambaa humo, umekuja baadaye.

Kuitia tarehe barua isiyo na mwaka

Chukua mfano wa barua ya Monet iliyoandikwa "Giverny, jeudi 5 mai" bila mwaka. Anwani ndiyo hatua ya kwanza. Monet aliishi Argenteuil tangu mwishoni mwa 1871 hadi mwanzoni mwa 1878, kisha Vétheuil hadi mwishoni mwa 1881, kisha Poissy, na Giverny kuanzia mwisho wa Aprili 1883 hadi alipofariki Desemba 1926. Kwa hiyo una miaka 43 ya kuchuja.

Kalenda hufanya kazi iliyobaki kwa haraka ya ajabu. Kati ya 1883 na 1926, Mei 5 iliangukia Alhamisi mara sita tu: 1887, 1892, 1898, 1904, 1910 na 1921. Kalenda ya miaka yote iko kwenye simu yako. Ihakiki kwa siku unayoijua: Maonyesho ya Dunia ya Paris, ambayo Mnara wa Eiffel ulijengwa kwa ajili yake, yalifunguliwa Jumatatu Mei 6, 1889.

Baada ya hapo soma maneno. Monet alimwoa Alice Hoschedé Julai 1892, na Alice alifariki Mei 1911. Ikiwa barua inatuma salamu kutoka kwa "ma femme", mke wangu, basi 1887 na 1892 zinadhoofika na 1921 inaanguka. Unabaki na 1898, 1904 na 1910. Sasa kazi. Ikiwa mwandishi analalamika kwamba hajaridhika na picha zake za Mto Thames na kwamba siku za kuzitundika zimemfikia, jibu ni moja: maonyesho yake ya picha za London yalifunguliwa kwa Durand-Ruel Mei 1904. Barua iliyokuwa haina mwaka imepata siku yake kamili, na umeifikia kwa anwani, kalenda, ndoa na maonyesho. Huo ndio mpangilio ninaoushauri kila mara, kwa sababu kila hatua inapunguza kazi ya inayofuata.

Angalizo: wachoraji hukosea siku ya wiki kama watu wengine. Ikiwa dalili zote zinaelekea mwaka mmoja na siku peke yake inapingana kwa siku moja, usiitupe hoja yako. Andika kwamba tarehe ni ya makisio, na utaje sababu.

Karatasi yenyewe inasaidia pia. Ukingo mweusi ni wa msiba, na kwa desturi za wakati ule ulikuwa mpana mwanzoni ukapungua kadiri miezi ilivyokwenda. Monet alifiwa na Alice 1911 na mwanawe Jean Februari 1914. Karatasi yenye ukingo mweusi kutoka Giverny ina mahali pake pa kuanzia kutafutwa. Muhuri wa posta ukisomeka humaliza ubishi, mradi bahasha iwe ya barua hiyo. Bahasha hubadilishwa. Ikunje barua kwa mikunjo yake yenyewe na uione kama inaingia vizuri. Barua iliyokunjwa mara mbili kwa ajili ya bahasha ndogo haikutoka katika bahasha ndefu. Stempu nazo zina miaka yake: Ufaransa ilianza kuzitumia Januari 1, 1849, stempu za muundo wa Sage, jina la aliyezibuni, ni za 1876 hadi 1900, na za mwanamke apandaye mbegu zilianza 1903. Paris ilikuwa na barua zilizosukumwa kwa hewa ndani ya mabomba chini ya ardhi, zikafunguliwa kwa watu wote 1879. Mihuri yake huonyesha hadi saa, na ni zawadi kwa mkusanyaji kwa sababu mchoraji aliyeandika "nitakuja leo jioni" anakuwa amesema mengi.

Ukishapata tarehe, angalia kama barua imekwisha kuchapishwa. Katalogi ya Daniel Wildenstein kuhusu Monet, juzuu tano zilizotoka kati ya 1974 na 1991, imechapa barua zake na kuzipa namba. Kama yako imo, linganisha neno kwa neno, maana tarehe iliyokubalika huenda iko tayari. Kama haimo, una sababu mbili: haijulikani, au si ya kweli. Hapo ndipo uchunguzi wa karatasi na wino unapoanza kwa uzito.

Halali au bandia

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Michel Chasles, mwanahisabati mashuhuri wa Paris, ambaye katika miaka ya 1860 alinunua kutoka kwa Denis Vrain-Lucas barua za kughushi zaidi ya 27,000. Zilikuwemo za Cleopatra na za Maria Magdalena, na zote ziliandikwa kwa Kifaransa. Vrain-Lucas alihukumiwa kifungo cha miaka miwili mwaka 1870. Hakuna lenzi iliyohitajika. Msomi yule alikuwa na kila elimu ya kumwezesha kuona, ila hamu ya kumiliki ilimtangulia akili.

Kwa hiyo uchunguzi wa kwanza ni wa maneno: je, mtu huyu alikuwa mahali hapa siku hiyo, alimjua aliyeandikiwa, na alitumia majina haya kwa picha zake? Ghushi nyingi hujulikana kwa kuwa zinasema mambo makubwa mno. Barua halisi ya mchoraji huzungumzia pesa, mvua, gharama ya rangi na mfanyabiashara asiyejibu. Barua inayotangaza falsafa nzima ya sanaa kwa mistari mitano, kisha ikataja picha maarufu kwa jina ambalo lilipewa baadaye, ni ya kutiliwa shaka.

Kisha chukua lenzi inayokuza mara 10. Nakala za kuchapwa za barua maarufu zimeuzwa kwa wingi kama kumbukumbu, na baada ya miaka mtu huziona ni asili. Kwenye chapa ya kisasa utaona vijidoti. Kwenye chapa za zamani vidoti havipo, lakini wino umelala sawasawa kila mahali. Wino wa kalamu hauko hivyo: hujaa mwishoni mwa mstari, hukonda mkono unapokimbia, huwa mzito pale kalamu ilipochovywa upya, na mstari unaopita juu ya mwingine huonekana wazi. Nibu ya chuma hukwaruza karatasi, na ukiilaza barua chini ya taa ya pembeni mifereji hiyo huonekana.

Mkunjo ni shahidi mzuri. Barua huandikwa kwanza, hukunjwa baadaye. Wino uliokutana na mkunjo wa zamani huvujia kwenye nyuzi zilizovunjika na kutengeneza vijimiguu. Ukiona hivyo kwenye kila mkunjo, mtu ameandika juu ya karatasi iliyokwisha kukunjwa miaka mingi, na karatasi kuukuu tupu hupatikana kirahisi kwenye vitabu vya kale.

Taa ya urujuanimno ya nanomita 365, ileile wanayokagulia noti, ichukuliwe kama kifaa cha lazima. Karatasi zilizotiwa kemikali za kung'arisha zilienea baada ya 1950 hivi, nazo hung'aa buluu-nyeupe gizani chini ya taa hiyo. Barua ya 1890 inayong'aa namna hiyo imekwisha. Tahadhari: karatasi ya kale iliyowahi kuoshwa kwa sabuni inaweza kung'aa kwa mabaka. Na kinyume chake hakithibitishi lolote: karatasi isiyong'aa inaonyesha tu kwamba karatasi ni ya zamani.

Wino wa chuma na mafundo ya mwaloni (uvimbe unaoota kwenye mti huo), uliotumika sana hadi karne ya 20, huwa mweusi ukiandikwa, kisha kahawia kwa miaka. Pale ulipokuwa mzito huchoma karatasi, na nyuma ya ukurasa utaona kivuli cha kahawia. Kahawia iliyo sawa kila mahali bila kivuli chochote upande wa pili ni ya kutazamwa tena. Wino wa zambarau unatokana na rangi za kutengenezwa maabara, ambazo historia yake inaanzia ugunduzi wa William Perkin wa 1856, kwa hiyo haumo katika barua ya Delacroix ya 1840. Kalamu ya bolpeni iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1940. Karatasi za Kiingereza za Whatman mara nyingi zina mwaka ndani ya alama inayoonekana dhidi ya mwanga. Barua haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo.

Linganisha mwandiko wa miaka ileile. Mwandiko wa Degas uliharibika pamoja na macho yake, ukawa mkubwa na uliolegea. Ukilinganisha barua yake ya 1895 na sampuli ya 1870, utaikataa barua iliyo halali. Usitazame sahihi, kwa kuwa aliyeghushi aliifanyia mazoezi. Tazama maneno madogo anayoandika kila mtu bila kufikiri: "et", "que", "vous", na jinsi herufi moja inavyoungana na nyingine.

Ilipitia mikononi mwa nani

Barua halali inaweza kuwa ya wizi. Guglielmo Libri aliiba hati kwa wingi katika maktaba za Ufaransa karne ya 19, na barua ya mwanafalsafa Descartes aliyoichukua iligunduliwa Marekani katika Chuo cha Haverford na kurudishwa Paris 2010, zaidi ya miaka 150 baadaye. Dalili za kutazama ni muhuri wa maktaba uliokwanguliwa au kukatwa, pembe iliyopunguzwa bila sababu, namba ya ukurasa kwa penseli juu kulia, na matundu ya kushonea pembeni. Omba maandishi yanayoeleza barua ilitoka kwa nani, na uhifadhi kipande cha katalogi ya mnada wa zamani kikiwepo. Baadaye kitahitajika kuliko cheti chochote cha kupambwa.

Pesa na mpaka

Bei ambayo dalali anagongea nyundo siyo utakayolipa. Nyumba nyingi za mnada za Paris huongeza ada ya mnunuzi, ambayo pamoja na kodi hufika karibu asilimia 25 hadi 30, na jukwaa la mtandaoni hudai asilimia yake. Barua iliyogongwa kwa euro 400 huenda ikakufikisha 520 kabla ya usafirishaji na bima. Weka kikomo chako kwa hesabu ya mwisho.

Kuna jambo la Ufaransa linalowashangaza wageni. Baada ya nyundo kugongwa, mwakilishi wa serikali anaweza kusimama na kutangaza kwamba dola inachukua nafasi ya mnunuzi kwa bei hiyohiyo. Ina siku 15 kuthibitisha. Hakuna rufaa, na hulipi kitu.

Kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, kizuizi kikubwa ni kibali cha kutoa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 116 ya 2009 inadai kibali kwa kila hati ya mkono yenye zaidi ya miaka 50 isiyo tena mali ya aliyeiandika, bila kujali bei. Nyumba ya mnada ndiyo huomba kwa niaba yako, na unaweza kusubiri wiki nyingi. Uliza ada yake kabla ya kupandisha mkono. Anayejitolea kukutumia barua kimyakimya ndani ya bahasha ya kawaida anakuweka katika hatari ya kunyang'anywa, na barua hiyo hutaweza kuiuza tena Ulaya kwa uwazi. Kwenye forodha ya nyumbani mtumie wakala mapema, ukimpa ankara na kibali, ili isiingizwe kama bidhaa ya madukani.

Kutunza barua pwani

Karatasi hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50. Ukipita 65, kuvu huanza kuota, na Zanzibar, Mombasa na Dar huwa juu ya 70 mara nyingi. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku hakifai, kwa sababu kupanda na kushuka kwa unyevu kila siku huichosha karatasi na wino wa chuma kuliko unyevu mmoja usiobadilika. Suluhisho la bei nafuu ni sanduku la plastiki ya polipropilini lenye mpira wa kuzibia kwenye kifuniko. Kwa sanduku la lita 20, weka nusu kilo ya silika jeli ya rangi ya chungwa, chembe zinazonyonya unyevu, ndani ya mfuko wa kitambaa, isigusane na karatasi, pamoja na kipima unyevu kidogo kinachosomeka bila kufungua. Kikishuka chini ya 35, punguza silika, maana karatasi iliyokauka mno hupasuka kwenye mikunjo. Kikipanda juu ya 55, ikaushe silika kwenye oveni kwa nyuzi 120 na uirudishe ikishapoa.

Kila barua iwe ndani ya folda ya karatasi isiyo na asidi. Mifuko ya plastiki iwe ya poliesta, na iachwe wazi pande mbili. PVC inayouzwa madukani hutoa asidi na hunata kwenye wino. Barua ya penseli au yenye mchoro wa mkaa isiingie kwenye poliesta hata kidogo, kwa kuwa umeme tuli wa plastiki huvuta unga kutoka kwenye karatasi. Ondoa pini na klipu za chuma kabla hazijapata kutu. Shika barua kwa mikono iliyooshwa na kukauka vizuri: glavu za pamba hupoteza hisia za vidole na ndizo zinazochana kingo.

Maji ni adui wa wino wa chuma. Kitambaa chenye unyevu au pasi ya mvuke vikitumika kunyoosha mkunjo, chuma kilicho katika wino husambaa na kuanza kula karatasi iliyokuwa salama. Barua iliyopinda iweke tu kati ya karatasi mbili za kukaushia chini ya vitabu kwa wiki kadhaa. Usiipeleke kwenye laminesheni kwa hali yoyote. Ukipokea barua yenye dalili za wadudu, ifunge ndani ya mifuko miwili ya nailoni, hewa ikiwa imebanwa, iweke kwenye friza ya nyumbani kwa wiki mbili, kisha iache bila kufunguliwa siku nzima baada ya kuitoa ili umande uishie nje ya mfuko. Isipokuwa kwa onyesho fupi, usiitundike ukutani; tundika nakala ya rangi iliyopigwa kwa doti 600 kwa inchi, kwa ukubwa uleule.

Nakala hiyo ndiyo utakayosomea pia. Nakili maneno mstari kwa mstari kama yalivyo, na makosa yake, na herufi usizo na hakika nazo zitie kwenye mabano ya mraba. Ukitaka kuichapisha, kumbuka kwamba ulichonunua ni karatasi. Maneno ni ya warithi hadi miaka 70 baada ya kifo katika nchi za Umoja wa Ulaya: Picasso alifariki 1973, kwa hiyo barua zake zinalindwa huko hadi mwisho wa 2043, na ruhusa huombwa kwa wasimamizi wa mirathi yake. Kwa Monet muda huo ulikwisha zamani, ingawa Ufaransa warithi hubaki na haki ya kimaadili juu ya maandishi ambayo hayajawahi kutolewa, na ni busara kuwaandikia kabla ya kuweka mtandaoni barua nzima.